Barua za biashara kwa wingi Marekani: First-Class, Marketing Mail au EDDM? Shika rula kwanza

Ndugu zetu wenye biashara ndogo huku Marekani, wa saluni, wa kusafisha nyumba, wa kujazia watu fomu za kodi, wa dekea (kulea watoto mchana), wakitaka kutuma kadi au barua 500 au 1,000 swali la kwanza huwa ni bei, posta njia ipi nafuu. Mi nasema kabla ya bei shika rula. Posta ya huku, USPS, inaanza kwa kuangalia umbo la kitu, urefu, kimo, unene, kinapinda au ni kigumu, halafu uzito, halafu ndo inaangalia umekipangaje na kinaenda kwa nani. Mtu akishaprinti kadi 1,000 zilizozidi kipimo kwa robo inchi hana pa kukimbilia, ama analipa bei ya daraja lingine ama anazirudisha zikakatwe.

Kwa hiyo hapa naweka njia tatu kubwa kando kwa kando, First-Class Mail ya wingi, USPS Marketing Mail, na Every Door Direct Mail ambayo wengi wanaiita EDDM, halafu naongeza ile bei ya mashirika yasiyo ya faida maana makanisa, misikiti na vyama vyetu vinaisahau sana. Jibu la haraka kwa mwenye haraka: kama ni bili au barua yenye mambo binafsi ya mteja, ni First-Class, hapo huna uchaguzi. Kama ni tangazo kwa watu ambao majina na anwani zao unazo, Marketing Mail. Kama huna majina ila mtaa unaujua, EDDM. Na kama vipande havifiki 200 bandika stempu tu, usijisumbue na makaratasi.

Stempu ya kawaida, ili uwe na cha kulinganishia

Kwa bei zilizoanza Julai 13, 2025 barua ya aunsi 1 kwa stempu ilikuwa senti 78, na ukilipia kwa mashine ya posta au kwa programu ya mtandaoni ilishuka mpaka senti 74. Postikadi ilikuwa senti 61. Bahasha kubwa, ile posta wanaiita flati, ilianzia dola 1.63. Kila aunsi inayoongezeka kwenye barua ilikuwa senti 29, na barua ambayo mashine haiwezi kuipitisha iliongezewa senti 49 juu ya bei yake.

Sasa piga hesabu ya vipande 500 kwa bei hizo za 2025. Postikadi ndogo ni dola 305. Barua ya kawaida dola 390. Barua hiyo hiyo ukiiweka kwenye bahasha ya mraba, zile nzuri za kadi za harusi, inakuwa senti 78 na 49, yaani dola 1.27, mara 500 ni dola 635. Flati ni dola 815. Ujumbe ni ule ule, wanaopokea ni wale wale, tofauti kati ya ya chini na ya juu imepita dola 500 na kilichobadilika ni umbo la karatasi tu. Ndo maana nasema rula.

Bei zenyewe zinabadilika, siku hizi posta inapandisha karibu kila mwaka, kwa hiyo kabla hujalipa printa fungua orodha yao ya bei inayoitwa Notice 123 uhakikishe. Vipimo navyo vinabadilika ila polepole sana, hivyo ukivishika vizuri vitakufaa miaka.

Barua inaishia wapi na flati inaanzia wapi

Barua kwa posta ni kitu cha mstatili chenye kimo kisichopungua inchi 3.5 wala kuzidi inchi 6 na 1/8, urefu kuanzia inchi 5 mpaka 11.5, unene kuanzia 0.007 ya inchi mpaka robo inchi. Kimoja tu kati ya vipimo vya juu kikizidi, ushakuwa flati, na flati ina nafasi mpaka kimo cha inchi 12, urefu 15 na unene robo tatu ya inchi. Flati nayo lazima iwe inapinda, iwe na unene unaolingana, isiwe na vifundo ndani, la sivyo wanaihesabu kama kifurushi na hapo bei inaruka tena.

Hiyo inchi 6 na 1/8 ndo mpaka wa hela yako, uikariri. Kadi ya 6 kwa 9 ni barua. Kadi ya 6.25 kwa 9, ambayo ukiiweka kando ya mwenzake huoni tofauti kwa macho, ni flati. Na matangazo ya printa za mtandaoni yanaziweka zote mbili pamoja kama kadi kubwa, mteja anachagua ile iliyo na punguzo siku hiyo bila kujua moja ni ya njia hii na nyingine ni ya njia ile.

Halafu kuna uwiano. Chukua urefu gawa kwa kimo, jibu liwe kati ya 1.3 na 2.5. Chini ya hapo au juu ya hapo mashine haiwezi kuigeuza vizuri na unalipa zaidi. Mraba wowote unatoa 1 kwa hiyo unaanguka papo hapo. Kadi ya 5 kwa 7 inatoa 1.4, imepita. Bahasha ndefu ya ofisini, ile namba 10 ya inchi 4 na 1/8 kwa 9.5, inatoa 2.3, imepita bila shida na ndo maana kila bili inakuja nayo. Kadi nyembamba ndefu ya 4 kwa 11, ambayo wabunifu wanaipenda kwa sababu inaonekana ya kisasa, inatoa 2.75, imeanguka, wakati 4.5 kwa 11 inatoa 2.44 na inapita. Nusu inchi tu hiyo.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kwa barua urefu maana yake ni upande unaokwenda sambamba na anwani, sio lazima upande mrefu zaidi. Ukichukua kadi yako ya 6 kwa 9 ukaisimamisha wima na kuandika anwani kwa upande mfupi, umeshaifanya isipite kwenye mashine. Picha upande wa mbele isimame unavyotaka, ila anwani ikae kwa ulalo wa upande mrefu.

Unene nao usiuache kwa printa peke yake. Kadi ikishazidi kimo cha 4.25 au urefu wa inchi 6 lazima iwe na unene wa angalau 0.009, wala 0.007 haitoshi tena. Karatasi ya kadi inayouzwa sana ni ya pointi 14, yaani 0.014, hiyo iko salama. Ukienda kwenye zile nene za kifahari za pointi 18 umevuka 0.016 ambayo ndo mwisho wa bei ya postikadi kwenye First-Class, unalipa kama barua. Na usiweke ndani ya bahasha kalamu, sumaku ngumu au ufunguo wa zawadi bila kuuliza, wala bahasha zenye vifungo vya chuma au kamba, vyote hivyo vinakutoa kwenye mashine.

First-Class ya wingi na Marketing Mail, hapa ndo pa kukaa

First-Class ya wingi inataka vipande 500 kwa mara moja. Marketing Mail inataka vipande 200 au pauni 50. Hiyo tu tayari inaamua kwa wengi, maana biashara ya mtaa mara nyingi ina wateja 250 au 300 kwenye orodha.

Kwa bei, First-Class ya wingi inakuokolea senti chache mpaka senti kumi na kitu kwa barua ukilinganisha na stempu, inategemea umepanga vizuri kiasi gani na barua zinaenda maeneo yaliyokaribiana kiasi gani. Marketing Mail inashuka zaidi, kwa barua yenye bakodi (mistari inayosomwa na mashine) iliyopangwa vizuri bei inazunguka kwenye nusu ya stempu, juu kidogo au chini kidogo. Zote mbili zina kitu kizuri ambacho stempu haina: bei ni moja mpaka aunsi 3.5. Fikiria unatuma barua ya aunsi 3, kwa stempu, kwa bei hizo za 2025, ni senti 78 na 29 na 29, dola 1.36, lakini kwa wingi inalipa sawa na ile ya aunsi 1. Kwa hiyo kama una mambo mengi ya kusema, kurasa kadhaa na fomu na bahasha ya kurudishia ndani, njia ya wingi inakufaa hata kama punguzo la barua nyepesi ulilidharau.

Kwa nini basi mtu alipe First-Class? Kwanza ni sheria. Bili, taarifa ya akaunti, barua yenye taarifa binafsi za mtu, barua ya kuandikwa kwa mkono, hizo ni First-Class, huwezi kuzichomeka kwenye Marketing Mail ukasema ni tangazo. Jina la mtu juu ya tangazo linaruhusiwa, na taarifa kidogo inayohusu moja kwa moja kile unachotangaza, ila ukianza kumwandikia kwamba mwaka jana alilipa kiasi gani cha kodi umevuka mstari. Wenzetu wa kodi na wa huduma za wagonjwa nyumbani wawe makini sana hapo, sio kwa ajili ya posta tu, hata kwa heshima ya mteja.

Pili ni mwendo. First-Class ndani ya nchi inapewa siku 1 mpaka 5. Marketing Mail siku 3 mpaka 10, na haina haraka, ikibidi kusubiri inasubiri. Ofa yako ikiisha Jumamosi usiitume Marketing Mail Jumatatu. Mi naona tangazo lenye tarehe lipewe wiki mbili kamili kabla ya siku yenyewe, na kama huna wiki mbili lipia First-Class ama badilisha tarehe.

Tatu, na hii ndo naiona kubwa kuliko zote, ni kinachotokea mtu akihama. First-Class inamfuata kwenye anwani mpya au inarudi kwako, bila malipo ya ziada. Marketing Mail ambayo haikufika inatupwa. Kimya kimya. Hupati taarifa, hujui kama ni 5 au 80 zimepotea. Unaweza kuchapa maneno ya maelekezo chini ya anwani yako ili wakurudishie, lakini hapo kila inayorudi unailipia, na kwa baadhi ya maelekezo bei ni ile ya First-Class mara 2.472, yaani kipande kimoja kilichorudi kinakula hela ya vipande kadhaa vilivyofika. Orodha chafu na maelekezo hayo ni hasara tupu.

Dawa yake ni kusafisha orodha kabla. Posta yenyewe inadai hivyo kwa njia zote mbili, anwani ziwe zimelinganishwa na taarifa za waliohama ndani ya siku 95 kabla ya kutuma, na programu za kupanga barua au kampuni za kutuma zinafanya hilo kwa bei ndogo. Ukiwa na orodha ya miaka mitatu ambayo hujawahi kuigusa, chukua First-Class mara moja, acha zirudi, futa zilizokufa, halafu mwaka unaofuata nenda Marketing Mail na orodha safi. Unalipa zaidi mara moja ila unajua unaongea na nani.

Kadi: hapa saizi inageuka faida

Kwa stempu, bei ya postikadi inaishia inchi 4.25 kwa 6. Ukipita hapo unalipa kama barua. Lakini kwenye First-Class ya wingi, tangu 2021 bei ya postikadi imeongezwa mpaka 6 kwa 9, na hayo ni mabadiliko makubwa ambayo watu wengi bado hawajayashtukia, wanaendelea kuprinti vikadi vidogo kwa sababu waliambiwa zamani kwamba kubwa ni ghali.

Marketing Mail haina bei ya postikadi kabisa, kadi inalipa kama barua. Lisikie vizuri hilo maana lina pande mbili. Kadi ndogo ya 4 kwa 6 haikupunguzii chochote, na kadi kubwa ya 6 kwa 11 haikuongezei chochote, zote ni barua, zote bei moja. Mtu anayetuma kadi ya 4 kwa 6 kwa Marketing Mail anaacha mezani zaidi ya nusu ya nafasi ambayo ameshailipia. Kinachoongezeka ni gharama ya kuprinti tu, na kwa vipande 1,000 tofauti ya kuprinti kati ya saizi hizo ni ndogo ukiigawa kwa kila kadi.

Ukiniuliza mimi, anayetangaza biashara kwa orodha yake mwenyewe achukue 6 kwa 9 kama anataka uhuru wa kuhama kati ya First-Class na Marketing Mail, na achukue 6 kwa 11 kama ameshaamua Marketing Mail moja kwa moja. Kadi ndogo ziachie ukumbusho wa miadi unaotumwa kwa stempu.

Upande wa anwani usiujaze picha hadi mwisho. Kona ya chini kulia acha eneo jeupe la inchi 4 na 3/4 kwa upana na 5/8 kwa kimo kwa ajili ya bakodi. Bakodi yenyewe ina mistari 65 na inabeba tarakimu 31, na bila hiyo hupati bei za chini kabisa, wanazoziita za otomesheni, tangu Januari 2013. Mbunifu wako akikuambia eneo jeupe linaharibu sura ya kadi, mwambie hilo eneo ndo linalipa sehemu ya mshahara wake.

Karatasi iliyokunjwa bila bahasha

Wengine wanapenda kukunja karatasi na kuibandika, hamna bahasha, inaonekana kama kijarida. Inaokoa hela ya bahasha ila masharti yake yanauma: kimo kisizidi inchi 6, urefu usizidi 10.5, uzito usizidi aunsi 3, na lazima ifungwe kwa vibandiko vya duara au kwa gundi, angalau viwili, na mkunjo wenyewe ukae chini au upande wa mbele inakoingilia kwenye mashine. Ukiizidisha kidogo inahesabiwa haipiti kwenye mashine. Kwa mtu anayekunja nyumbani na familia mezani sishauri, vibandiko 1,000 vya kuweka kwa mkono sio mchezo na vikikaa ovyo havikubaliki. Kadi ni rahisi kuliko hiyo, na barua ndani ya bahasha namba 10 ina heshima zaidi kama unamwandikia mtu jambo zito.

EDDM: huna majina, una mtaa

EDDM ilianza 2011 na imewasaidia sana wenye biashara za kitongoji. Unaingia kwenye ramani ya posta, unachagua njia za mpostaji, kila njia inakuonyesha nyumba ngapi, na kadi yako inaingia kila sanduku la njia hiyo. Hamna majina, hamna anwani, panaandikwa tu kwamba ni kwa mteja wa posta wa eneo hilo. Orodha hununui, bakodi hupangi, na kwa ile ya rejareja kibali huhitaji, unalipia kaunta ya posta inayohudumia zipu kodi hiyo (namba ya posta ya eneo) au mtandaoni. Bei ya kipande haifiki hata nusu ya stempu. Kwa tangazo tupu la mtaani ndo nafuu kuliko zote mbili hapo juu.

Sasa masharti yake yamegeuka kinyume na ya barua, na hapa ndo watu wanalia. EDDM haitaki vitu vidogo. Kipande lazima kiwe kirefu kuliko inchi 10.5, au kimo kizidi 6 na 1/8, au unene uzidi robo inchi, kimojawapo, na kisizidi 12 kwa 15 kwa robo tatu. Uzito mpaka aunsi 3.3. Ile kadi yako nzuri ya 6 kwa 9 iliyokuwa salama kwenye Marketing Mail huku inakataliwa, na ile ya 6.25 kwa 9 iliyokuwa balaa kule huku inapokelewa kwa mikono miwili. 6.5 kwa 9 inapita, 8.5 kwa 11 inapita. Na ile 6 kwa 11? Urefu wake wa 11 umezidi 10.5 kwa hiyo EDDM inaikubali, na haujafika 11.5 kwa hiyo kwa Marketing Mail bado ni barua. Ni saizi moja inayopita milango yote miwili, ndo maana mi naipenda, unaprinti mara moja nusu unapeleka mtaani na nusu kwa orodha yako, unabadilisha upande wa anwani tu.

Idadi, ya rejareja inaanzia vipande 200 na haizidi 5,000 kwa siku kwa kila zipu kodi. Zinafungwa mafungu ya 50 mpaka 100 na kila fungu karatasi yake ya juu. Huwezi kuruka nyumba, njia ukiichagua unaichukua yote, ingawa unaweza kusema makazi tu bila maofisi.

Udhaifu wake ni huo huo, haichagui. Dekea inapeleka kadi kwa wazee waliostaafu, fundi wa bustani anapeleka kwenye maghorofa ambayo hayana hata bustani. Ramani yao inakuonyesha wastani wa umri na kipato kwa njia, itumie, usichague njia kwa sababu tu iko karibu na duka lako. Kwa anayesafisha nyumba, kwa mfano, njia 2 zenye nyumba za familia moja ni bora kuliko njia 5 za maghorofa, hata kama jumla ya vipande ni ndogo. Na kwa kuwa hamna jina, usitegemee mtu aisome kama barua, isomwe kwa sekunde chache: unafanya nini, simu, ofa, basi.

Nikiziweka EDDM na Marketing Mail ana kwa ana kwa biashara mpya isiyo na wateja bado, EDDM inashinda bila ubishi. Kwa biashara yenye miaka miwili na wateja 300, Marketing Mail inashinda hata kama kila kipande ni ghali zaidi, maana yule aliyewahi kukulipa anarudi kirahisi kuliko mgeni.

Makanisa, misikiti na vyama

Bei ya mashirika yasiyo ya faida kwenye Marketing Mail imewekwa kwa sheria ya nchi ili wastani wake uwe asilimia 60 ya ile ya biashara. Hilo ni punguzo kubwa. Lakini haliji lenyewe kwa kuwa mna barua ya IRS, mamlaka ya kodi, lazima posta iwaidhinishe kwa fomu PS 3624, na fomu hiyo haina ada. Wanaokubaliwa ni pamoja na mashirika ya dini, ya elimu, ya hisani, ya wafanyakazi, ya wakulima, ya maveterani. Chama cha wafanyabiashara hakimo, hata kama hakitafuti faida.

Ukubwa na maumbo ni yale yale ya Marketing Mail. Jina la shirika na anwani ya kurudishia lazima vionekane, na msiweke ndani matangazo ya bima, ya safari au ya kadi za mkopo ya mtu mwingine, hapo mnaweza kuipoteza bei hiyo. Na mfadhili mwenye biashara akiomba apitishie barua zake kwenye kibali chenu kwa ahadi ya mchango, kataeni kwa upole.

Kibali chako au cha mwingine

Tofauti na EDDM ya rejareja, First-Class ya wingi na Marketing Mail zinahitaji kibali. Kuna ada ya kuomba alama ya kibali, ile inayochapwa badala ya stempu, hiyo unalipa mara moja na inabaki hai mradi uitumie angalau mara moja kila miaka 2. Halafu kuna ada ya kila mwaka, na ukizijumlisha zote mwaka wa kwanza ni mamia ya dola kabla hujatuma hata barua moja. Fanya hesabu hii: ada gawa kwa senti unazookoa kwa kipande. Kama ada ni dola 350 na unaokoa senti 35 kwa kila barua, vipande 1,000 vya kwanza vinarudisha ada tu, faida inaanza na cha 1,001. Anayetuma 300 mara mbili kwa mwaka asichukue kibali.

Huyo aende kampuni ya kutuma barua, wana kibali chao, wana programu, wanasafisha orodha, wanapanga kwenye trei na kupeleka wenyewe dawati la barua za biashara la posta. Wanachaji kwa kipande, ila hulipi ada ya mwaka wala hujifunzi fomu 3602 ya malipo ya posta. Kwa shirika lisilo la faida kampuni inaweza kutuma kwa niaba yenu lakini idhini ya bei lazima iwe ya shirika lenyewe.

Ukiamua kibali chako mwenyewe, kumbuka ukilipa kwa alama ya kibali vipande vyote vinatakiwa viwe na uzito unaofanana, kwa sababu wanapima kidogo na kukokotoa vyote. Ukiweka kuponi kwenye bahasha za wateja wazuri tu, fungu zima linagoma. Tenganisha mafungu, na kila fungu lifike idadi yake.

Halafu kabla hujamwambia printa endelea, peleka faili ya muundo kwa wachambuzi wa muundo wa barua wa USPS, wapo kwa kazi hiyo na hawalipishi, watakuangalizia eneo la bakodi, uwiano na mahali pa anwani. Peleka na kipande cha karatasi ile ile utakayotumia, kimekatwa saizi ile ile, maana unene hauonekani kwenye skrini. Subiri jibu lao, ndo umlipe printa.